Nyota Tano za Mzee Abeid

Jumatatu, 12 Januari

Asubuhi mama mdogo Mwasiti amelisalimia gunia la mkaa. Akaliuliza habari za watoto. Gunia likanyamaza. Akasema watu wa Ujiji siku hizi wana kiburi, akaendelea na safari yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mimi niliona tatizo la afya ya jamii.

Ni mtoto wa jicho. La kushoto limekwisha kufunga ukungu, la kulia linafuata. Na mama mdogo anauza dagaa wakavu soko la Katonga, kando ya ziwa, kazi ambayo yote iko machoni: uone kama dagaa walikaushwa na jua au walinyeshewa, uone kama aliyekuuzia amekuongezea mchanga. Juzi alinunua beseni zima lenye mchanga kuliko dagaa. Wateja wameanza kumkwepa kwa adabu. Macho yakienda, meza imekwenda. Meza ikienda, mwanamke aliyenisomesha tangu baba alipofariki atakaa barazani kusubiri kupewa chai. Analijua hilo. Jana alisema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa kisu, na hajui aende kwa nani, lakini msomi wa nyumba hii ni mimi. Nitakaposema aende, ataenda.

Nitakaposema!

Nimezunguka na neno hilo siku nzima kama mtu aliyemeza jiwe. Sikusoma takwimu Dodoma ili nibahatishe macho ya mama yangu mdogo. Nimeamua. Nitawauliza wagonjwa wenyewe, nitawapa watoa huduma nyota kama wanavyofanya watu wa hoteli, nitatundika ubao Katonga, na kila mwenye jicho bovu achague akiwa na taarifa. Shirika moja pale mjini likisikia litaniita kazini. Hilo ni la pembeni.

Si la pembeni sana.

Wa kupewa nyota ni watatu. Daktari Bonaventura wa hospitali ya serikali. Kliniki mpya ya Nuru Njema, ambako Frida, niliyemshinda kila mtihani wa sekondari, anakaa mapokezi kwenye kiti kinachozunguka. Na Mzee Abeid wa hapa mtaani, mwenye duka la dawa za asili, anayechemsha matone ya macho mwenyewe na kuyauza kwenye chupa za soda.

Jumanne, 13 Januari

Maswali yamekamilika. Elimu ya mtoa huduma. Wastani wa muda wa kusubiri. Kiwango cha maambukizi baada ya upasuaji. Nimeyasoma mbele ya kioo kwa sauti. Nikajipigia makofi, ya taratibu.

Katonga. Nimeanza na Scola, mwenye meza jirani na ya mama mdogo, maana mama yake alipasuliwa macho mwaka jana. Nikamuuliza kiwango cha maambukizi. Akaniuliza kama nimekula. Nikarudia swali. Akasema hilo mwachie mwenyewe aliyelitunga, yeye kabla ya kumpeleka mtu wake mahali anataka kujua haya: muuguzi anafoka? Ukimsalimia anaitikia, au anaendelea kuandika huku ameinama? Na kwenye benchi atakaa na nani? Kwa sababu mara ya mwisho alikaa na mawifi wawili, na ukoo mzima ulijua ana mimba kabla yeye hajapewa majibu.

Mwanamke mwingine, wa Ilagala, alitaka kujua kama kuna mlango wa nyuma. Mwenzake alitaka kujua daktari ameoa kwa nani. Babu mmoja mshona nyavu alitaka kujua kama daktari ana mikono ya baridi, kwa kuwa mkono wa baridi jichoni ni kama kushikwa na maiti.

Hakuna hata mmoja aliyejali elimu! Nimeyaandika yote chini ya kichwa "Umbea." Watu hawajui wanachopaswa kutaka. Huo ndio mzigo wa taaluma yangu, na nitaubeba.

Jumatano, 14 Januari

Nimebadili mbinu. Maswali yote nje. Sasa ni moja tu: unasemaje kuhusu mtoa huduma huyu?

Nimeanza na Bonaventura. Lo! Nilitaja jina tu, Katonga nzima ikawaka. Scola akasema yule Mha wa Kasulu ni mwizi, anang'oa macho ya watu akaungie maharage. Mwingine akasema alikimbilia udaktari baada ya kushindwa na mihogo. Mshona nyavu akasema siku akifa watu wa Ujiji watapika pilau na kucheza ngoma, na yeye atalala kaburini kwanza kuhakikisha shimo linamtosha. Mwanamke wa Ilagala akasema ana kichwa kama kibuyu kilichokataliwa na mganga. Wakagongana viganja, wakafuta machozi.

Mimi niliandika mpaka kalamu ikapata joto. Mashtaka mazito namna hii, na hakuna aliyewahi kuchukua hatua!

Kwa haki nimwekee Scola na hili: alisema pia kwamba mama yake, aliyepasuliwa na mwizi huyo huyo, sasa anatunga uzi kwenye sindano bila kuomba mtu. Lakini huyo ni mgonjwa mmoja. Hawezi kuingia kwenye takwimu.

Mama amesoma majibu jikoni akaanza kukohoa kwa kicheko. Ananiambia Bonaventura ni mtani wetu. Babu zake na babu zetu walizikana na kutukanana, kwa hiyo mtu wa Ujiji akimsifu yule daktari hadharani ni kama mke kumwamkia mumewe shikamoo. Nikamweleza mama, kwa heshima, kwamba sampuli ikiwa kubwa utani hujifuta wenyewe. Akaniuliza hujifuta kwa nini. Kwa hesabu, nikamwambia. Akaendelea kumenya vitunguu.

Ijumaa, 16 Januari

Mzee Abeid. Nimewasubiri watu watoke msikitini, nikawauliza mmoja mmoja.

Ajabu. Hakuna tusi hata moja! Wa kwanza alisema Mzee Abeid ni mtu mwema sana, kisha akatazama viatu vyake. Wa pili alisema alhamdulillahi, kisha akakumbuka ana haraka. Wa tatu alisema hana la kusema juu ya mzee yule, hana kabisa, na binti yake wanaye nyumbani kwao, mke wa kaka yake. Wa nne naye ameoa binti wa Abeid. Wa tano mdogo wake ameoa binti wa Abeid. Mzee huyu ana mabinti wengi na wote wameolewa na watu wa hapa hapa. Karibu kila mlango wa mtaa wetu ni mkwe wake, na hilo nalo linaonyesha imani ya jamii kwake.

Wengi walinyamaza tu. Kimya nimekihesabu kama kuridhika kwa kiwango cha juu.

Nilimwuliza mmoja, aliyekuwa na jicho moja jeupe kama yai, kama aliwahi kutumia matone ya mzee. Akasema ndiyo, kwa jicho hili. Nikamwuliza anasemaje. Akasema Mzee Abeid ni mtu mwema sana.

Jumamosi, 17 Januari

Nuru Njema. Frida amenipokea kwa kuzunguka na kiti mzunguko mzima. Ameniita shosti. Akaniuliza bado niko nyumbani tu? Kwa sauti ya kunionea huruma, mbele ya mlinzi! Nikamjibu kwamba niko kwenye utafiti wa kujitegemea. Akasema hongera, akanipa maji ya baridi kwenye glasi ya karatasi.

Sofa za bluu. Televisheni ukutani. Sakafu inang'aa kiasi kwamba nilijiona, na nilionekana nimechoka. Daktari wao anaitwa Samson, kijana mpole, ametoka mbali, ana vyeti vinne ukutani. Mgonjwa? Hakuna. Nimekaa asubuhi nzima, aliyeingia ni mtu wa umeme.

Watu wa nje wanasema pazuri, kuna baridi nzuri. Lakini daktari hawamjui. Kwao wapi? Nani alimwona akila? Ukikutana naye njiani unamwitaje? Umbea tupu. Nimewapa nyota tatu. Ningetoa nne kama si kile kiti.

Jumapili, 18 Januari

Ubao umekamilika. Nimepaka rangi mwenyewe uani. Mzee Abeid, nyota tano. Nuru Njema, nyota tatu. Daktari Bonaventura, nusu nyota, na hiyo nusu ni huruma. Chini ya kila jina nimeweka maoni ya wagonjwa neno kwa neno, kwa herufi ndogo nzuri, ili yaenee.

Mama ameusoma wote akasema Asia, mwanangu, huu ubao usitoke humu ndani. Nikamwambia taarifa ni haki ya mgonjwa. Akasema na akili ni haki ya nani?

Mama mdogo alipitisha vidole juu ya rangi mbichi. Akasema hajui kimeandikwa nini lakini kinanukia kazi. Nikalia kidogo, chooni.

Jumatatu, 19 Januari

Ubao umetundikwa juu ya meza ya mama mdogo. Wagonjwa wa macho wamekuja wengi, nilikuwa nimewaalika. Wakasimama mbele yake. Wakasogea. Wakasogea tena. Bibi mmoja alisogea mpaka pua ikagusa, akatoka na rangi nyeupe puani.

Hakuna anayeona.

Nimeandika mwongozo wa watu wasioona kwa herufi za ukubwa wa dagaa. Sikulifikiria hilo. Nani angelifikiria? Hakuna kitabu nilichosoma kilicholitaja.

Scola ameokoa jahazi. Amepanda juu ya kreti akasoma kwa sauti, kwa madaha, na kila tusi la Bonaventura akalirudia kwa maombi ya hadhira. Soko lilisimama. Wavuvi walitoka majini kusikiliza. Alipofika kwenye kibuyu kilichokataliwa na mganga, mwanamke wa Ilagala aliinuka akainamia watu kama msanii. Alipofika kwa Mzee Abeid, mtu mwema sana, mtu mwema sana, alhamdulillahi, wote wakatulia na kutazama mchanga.

Mafanikio makubwa. Mama mdogo ameniuliza: kwa hiyo wa kwanza ni Abeid? Nikasema ndiyo. Akasema una hakika, mwanangu? Nikasema takwimu ina hakika. Akakunja kanga yake, akasema haya.

Jumanne, 20 Januari

Mzee Abeid amekuja nyumbani mwenyewe! Kanzu safi, chupa mkononi. Amesikia habari za nyota zake, amemshukuru Mungu, na amemletea mkwe mwenzake zawadi. Maana binti yake mmoja ni mke wa mtoto wa mama mdogo aliyeko Mpanda, kwa hiyo wao ni wakwe na hawatazamani hata usoni.

Mama mdogo alipokea kwa mikono miwili. Mzee alipoondoka, mama mdogo akaniambia jambo. Chupa hizi amekuwa akizikwepa miaka. Kila mzee alipotuma salamu kwamba matone yapo, yeye alijibu kwamba anasubiri ushauri wa mtoto wake msomi. Lilikuwa jibu zuri, halikumvunjia mtu heshima. Sasa msomi ameshauri, ubao umesomwa hadharani, na yeye amebaki na udhuru gani?

Nikamwambia hahitaji udhuru, anahitaji matone.

Ametiwa jioni, jicho la kulia, lile linaloona kidogo. Alikunja vidole vya miguu.

Jumatano, 21 Januari

Jicho ni jekundu. Limevimba, linatoa maji. Nimesoma kwamba dawa ikifanya kazi hali huweza kuzidi kwanza.

Sikumbuki nimesoma wapi.

Amekwenda Katonga hivyo hivyo, ameshika bega langu. Amechambua dagaa kwa vidole tu, macho amefunga. Mchanga huku, dagaa huku. Mteja mmoja alimtazama uso, akarudisha alichokuwa amechagua, akaenda meza ya Scola. Scola akamwambia hauzi leo. Uongo, meza yake ilikuwa imejaa.

Nimejaribu kufikiria kitu kingine. Nimefikiria shirika. Nimefikiria hotuba yangu kwenye mkutano wa shirika. Katikati ya hotuba nilimwona mama mdogo kwenye kiti cha mbele, anapigia makofi upande ambao sipo.

Alhamisi, 22 Januari

Siku ya ajabu. Niandike kwa mpangilio.

Daktari Bonaventura ametokea Katonga. Mwenyewe! Na kweli kichwa kile... basi. Nilijua amekuja na polisi. Nikajificha nyuma ya ubao, ambapo ilikuwa rahisi kunipata. Lakini alikuwa peke yake na mfuko wa plastiki. Akasalimia kwa Kiha, mwakeye, akaomba asomewe. Scola akapanda kreti. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, akalalamika kwamba nusu nyota ni nyingi, kwao Kasulu humpa robo.

Kisha akamgeukia mama mdogo. Wewe bibi wa Ujiji, akamwambia, ndiwe unayeuza mchanga uliotiwa dagaa? Mama mdogo akanyoosha shingo. Sijamwona hivyo miezi mingi! Akamwambia arudi milimani akatafune mihogo yake mibichi, hapa wanaishi watu. Daktari akasema mtani hanunui, akachota dagaa kwa mikono yake yote miwili akatia mfukoni kwake. Mchana kweupe! Mama mdogo akaruka, akamkamata, akampiga makofi ya mgongo huku akimtukana ukoo.

Aliyemkamata alikuwa muuza barafu.

Soko likaanguka kwa kicheko. Daktari alicheka pia, akaja kumtoa yule maskini mikononi mwake. Akamshika mama mdogo kidevu, akamgeuzia juani, na kicheko kikakatika kama taa. Akauliza nani ametia nini humu.

Kila mtu akatazama mchanga. Mama mdogo akasema ni vumbi tu. Angesema nini? Ni mkwe.

Daktari akainua macho kwenye ubao. Akasoma nyota tano. Akanitazama mimi, akaniuliza kama ndiye mwandishi. Nikasema ni takwimu. Akaniuliza kwa upole, bila utani hata chembe: katika wote waliompa mzee huyu nyota, wangapi wanaona?

Nikamjibu kwamba swali hilo liko nje ya mipaka ya utafiti.

Hakubishana. Akatengeneza maji safi akamwosha mama mdogo jicho pale pale kwenye meza, muda mrefu, akimwambia kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Akamwambia jicho bado zima ila limekoswa koswa. Asitie tena kitu, na kesho asubuhi aje. Akaondoka na dagaa wake.

Jioni Scola kaleta habari. Bonaventura alipitia dukani kwa Mzee Abeid, akaingia akipiga kelele kwamba amekuja kuiba tena, leo ni siku yake, akabeba chupa zote za matone mpaka ya mwisho. Akamwambia mzee mbele ya wateja kwamba akichemsha nyingine atamwosha nazo miguu. Na mzee? Alicheka! Alilazimika. Mtani hakatazwi. Jambo ambalo mtaa mzima wa wakwe haukuweza kulitamka, Mha mmoja amelimaliza kwa kelele.

Mama anasema nifute zile nyota tano. Siwezi. Data zilikusanywa kihalali.

Ijumaa, 23 Januari

Mama mdogo aliamka mapema akavaa kanga mpya. Nikamwuliza anakwenda wapi. Kwa mwizi wangu, akasema.

Nikamkumbusha nusu nyota. Nikamkumbusha mihogo na maharage. Akasema huoni, mwanangu? Mtu ambaye watu wote hawa wanaweza kumtukana hivyo na asinune ni wa kwetu. Na mtu aliyeniibia dagaa mbele ya soko zima hawezi kunikimbia.

Nimemsindikiza. Muuguzi aliitikia salamu, tena aliisimamia. Kwenye benchi kulikuwa na mawifi wa watu, ila walitusogezea nafasi. Daktari alieleza kila kitu: kwanza uvimbe upone, kisha ataanza na jicho la kushoto, lile la ukungu, sindano ya ganzi, atakuwa macho anasikia. Akamwuliza kama ana swali. Nilimkanyaga mguu aulize kiwango cha maambukizi. Akauliza lake: ukiniharibia, nitakukuta wapi?

Akajibiwa: mezani kwako, naiba dagaa.

Basi. Akakubali kisu. Hilo tu ndilo alilotaka kujua!

Nimelala kitandani mchana mzima nikilichambua jibu hilo. Kuna kitu kikubwa ndani yake. Nakihisi. Kinakaribia.

Jumanne, 10 Februari

Juzi amepasuliwa jicho la kushoto. Jana bandeji imetoka.

Alikaa akipepesa. Akanitazama mimi kwanza. Nilijiandaa kwa machozi. Akasema nimekonda, na blauzi nimevaa ndani nje. Kisha akamtazama daktari kwa muda, akasema kumbe watu walikuwa wanakupendelea, hicho si kibuyu, ni boga. Daktari akafurahi kama amepewa cheti.

Leo ameomba tumpeleke Katonga. Kulikuwa kweupe baada ya mvua. Alisimama ukingoni akatazama ng'ambo ya ziwa mpaka kwenye milima ile ya mbali. Kongo ipo bado, akasema. Mama alikuwa anavuta kamasi.

Kisha akageuka, akausoma ubao wangu yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza, mstari kwa mstari. Akauliza ni ubao mgumu huu? Nikasema ndiyo, mbao nzuri. Akauteremsha, akaulaza kifudifudi, akaanika dagaa juu yake.

Si neno. Wanasayansi wengi walipitia haya.

Na hasa kwa kuwa sasa nimekipata! Kimenijia njiani kurudi, nikasimama katikati ya barabara, bodaboda akanitukana. Nimerudia ushahidi wote. Mama mdogo hakuchagua sofa. Hakuchagua vyeti wala nyota. Alimchagua daktari siku moja tu baada ya tukio moja tu. Mgonjwa anataka nini kwa mtoa huduma?

Kuibiwa.

Jumatano, 11 Februari

Frida amekuja nyumbani. Kwa miguu, bila kiti. Bosi wao amemtuma: sofa zipo, wagonjwa hawapo, na kama hali itaendelea watafunga. Amesikia habari za utafiti wangu. Ameniita dada Asia. Siyo shosti!

Nikamfunulia. Nilichora na michoro miwili. Alikunja uso, akauliza nina hakika kwamba ni wizi? Siyo kwamba yule ni mtani wao? Mama, kutoka jikoni, akasema msikilize mwenzako. Nikawaeleza wote wawili kwamba utani ni jina la kienyeji tu. Kitendo chenyewe, kinachopimika, ni wizi. Ukitaka matokeo yale yale, rudia kitendo kile kile.

Frida alibeba michoro. Nimelala kama mtu mwenye kazi.

Jumamosi, 14 Februari

Jaribio la kwanza limefanyika leo Katonga. Daktari Samson alifika na koti jeupe, Frida anamsukuma. Nilimwelekeza: achote kwa mikono yote miwili, atie mfukoni, acheke. Akaenda meza ya mwisho kabisa, ya mzee mmoja aliyesinzia. Akachota. Akatia mfukoni. Kucheka alisahau.

Mama mdogo alikuwa upande mwingine wa soko. Zamani asingeona hata boti ikimpanda. Leo, kwa jicho moja jipya, alimwona mgeni, akaona mfuko, akaona na mkia wa dagaa uliobaki kwenye kidole. Mwizi! Sauti ile ilisikika Ujiji.

Wanawake wa Katonga hawakumwumiza. Walimfunika na beseni la mchanga na dagaa wabovu, wakamkalisha chini, wakamwuliza kwao wapi. Yeye anawajibu kwamba anaboresha huduma. Frida alikimbia na kiatu kimoja. Mama mdogo ndiye aliyemtambua kuwa ni daktari, kwa kusoma jina lililoshonwa kwenye koti, toka mbali, herufi zote. Soko zima likampigia makofi. Kisha akanitafuta kwa lile jicho, akanipata pale pale nilipojificha, nyuma ya kreti. Alitikisa kichwa tu, polepole, na mimi nikatikisa changu. Tunaelewana sana siku hizi.

Daktari Samson ameingiwa na mchanga machoni. Nimempeleka kwa Bonaventura mwenyewe, nikakaa naye kwenye benchi, nikamwuliza anasemaje kuhusu huduma ya hapa. Amesema ni nzuri. Mikono ya joto. Nimeandika, chini ya "Umbea."

Nimelitafakari jaribio lote bila kujipendelea. Nadharia haina kosa. Kosa liko kwenye kifaa. Dagaa ni wadogo mno, mtu akikuibia dagaa hamwezi kujenga uhusiano wa kudumu. Jumatatu tutajaribu na samaki wakubwa, migebuka.